Kumbukumbu za chakula cha Pwani zimegeuka orodha tupu

Kuna aina ya uandishi ambayo imestawi sana katika Kiswahili cha miaka hii, nayo bado haijapata mhakiki. Ninazungumzia kumbukumbu za chakula. Mwandishi aliyezaliwa Mombasa, Lamu, Malindi au Vanga, na ambaye sasa anaishi Nairobi au ng'ambo, huketi akaandika kuhusu jiko la bibi yake. Utaikuta kazi ya namna hii katika tawasifu, katika hadithi fupi, katika insha za wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, na hasa magazetini mwezi wa Ramadhani unapobisha hodi. Nimezisoma nyingi. Huzisoma kwa hamu pia, maana mimi mwenyewe ni mtoto wa Kibokoni na tumbo langu halijasahau kwao. Lakini kila nikimaliza kusoma nabaki na njaa ya namna nyingine.

Mtindo wake unajulikana. Kwanza harufu ya iliki inamwamsha mtoto. Kisha bibi yuko jikoni, kajifunga leso. Halafu inakuja orodha: mahamri, mbaazi za nazi, vitumbua, vibibi, kaimati, viazi vya karai, samaki wa kupaka, mkate wa sinia. Mwisho mwandishi anashusha pumzi na kutuambia kwamba watoto wa siku hizi wanakula chipsi tu. Basi. Ukimwondoa bibi huyu ukamweka bibi mwingine, hakuna kitakachobadilika. Ukiyahamisha mahamri ukayaweka mahali pa kaimati, vilevile. Ni orodha ya hoteli iliyotiwa machozi.

Dai langu ni hili: chakula, cha Pwani au cha popote, hukaa kwenye vitenzi kabla ya kukaa kwenye nomino. Jina la chakula husafiri kwa urahisi. Linapanda basi, linafika Nairobi, linaandikwa kwenye ubao wa mkahawa. Vitenzi vyake havipandi basi. Hubaki jikoni na yule aliyekuwa akivitenda, naye akiondoka duniani huondoka navyo. Mwandishi anayetupa majina matupu anatupa kile ambacho hakikuwa hatarini kupotea.

Chukua wali, chakula ambacho kila mtu anadhani anakijua. Mchele huchaguliwa, yaani hutolewa chuya na changarawe. Huoshwa. Chungu huinjikwa, au hutelekwa, kutegemea kwenu ni wapi. Maji yakikaribia kukauka wali hupaliwa: makaa huwekwa juu ya mfuniko ili moto uwe juu na chini. Kisha chungu huepuliwa, wali hupakuliwa, chakula huandaliwa. Kuepua, kupakua na kuandaa si kitendo kimoja, na mtoto aliyeambiwa aepue akaanza kupakua alijua kwamba ataambiwa neno. Wali ukienda mrama nao una lugha yake. Ukiwa na kiini kibichi, umevia. Ukizidi maji ni mashendea. Ule uliogandamana na chungu ni ukoko, wengine husema matandu, nao tuliupigania. Uliolala ni kiporo. Wazee wakisema mwiku au bariyo. Uliobaki sahanini baada ya mtu kula ni makombo, na ole wako umwekee mgeni makombo ukidhani umempa kiporo.

Sasa hebu nionyeshe insha moja ya kumbukumbu ambamo wali umevia. Katika insha hizi wali haujawahi kuvia hata siku moja. Bibi hakosei chumvi. Tui halikatiki. Chakula kimepikwa na kumbukumbu, hakikupikwa na mtu.

Mfano unaonikera zaidi ni ule wa mahamri. Huwa nawauliza wanafunzi tofauti ya hamri na andazi. Wengi husema ni umbo: hamri lina pembe tatu, andazi ni la mraba au la mviringo. Wengine husema ni mahali: Mombasa husemwa mahamri, bara husemwa mandazi. Majibu yote mawili yanafikia mlangoni pa jiko yakasimama. Neno hamri ni ndugu wa hamira, na hamira imetoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuchacha na kuumuka. Hamri ni kile kilichotiwa hamira kikaachwa kiumuke. Unga hukandwa kwa tui la nazi, ukatiwa sukari na iliki, ukafunikwa, ukangojewa. Ndiyo maana kinywa cha hamri kiko wazi ndani, unaweza kulijaza mbaazi. Andazi nalo limetokana na kitenzi kuandaa. Ni kitu kilichoandaliwa, na neno la kale la Kiswahili kwa mpishi wa vitu vya namna hiyo ni mwandazi. Kwa hiyo jina moja linatuambia kilichotokea ndani ya unga, na jina la pili linatuambia kazi ya mikono. Leo vibanda vingi vinatia unga wa kuoka, havingoji chochote, na vinaandika «mahamri» kwa herufi kubwa. Mimi sina ugomvi na mwuzaji anayetafuta riziki. Ugomvi wangu ni na mwandishi ambaye ameyala mahamri miaka kumi utotoni na hana habari kwamba jina lenyewe linasimulia mapishi.

Na si mahamri pekee. Samaki wa kupaka ameitwa hivyo kwa sababu mtu husimama juu ya makaa akimpaka rojo la nazi mara kwa mara mpaka limshike. Mkate wa sinia wa Mombasa, ule wa mchele na nazi, Unguja huitwa mkate wa kumimina: sisi tumetazama chombo, wao wametazama tendo. Viazi vya karai vimeazima jina la karai, chombo ambacho jina lake nalo limetoka Bara Hindi. Kaimati, ambazo watu wa Ghuba huziita luqaimat, ni vitonge vidogo, yaani kipimo cha mdomo. Karibu kila jina lina tendo, chombo au mdomo ndani yake. Orodha inayafuta haya yote.

Tuje kwenye nazi, ambapo hasara ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa Kenya hukaririshwa hatua za nazi kama anavyokaririshwa miji mikuu ya nchi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Anazipata alama zake. Lakini koroma ni nini hasa? Ni lile tunda lililopita udafu na halijafika unazi. Maji yake hayana tena utamu ule, na nyama yake haijakomaa vya kutosha kutoa tui zuri. Mtu aliyewahi kuangushiwa koroma badala ya dafu haihitaji orodha. Kuna na joya, nazi isiyo na kitu cha maana ndani, na mbata, nyama ya nazi iliyokauka ndani ya kifuu. Ukifika jikoni, nazi hukunwa kwa mbuzi, na kila mwalimu wa bara ana mzaha wake kuhusu kumkalia mbuzi. Machicha hutiwa maji yakakamuliwa katika kifumbu. Tui la kwanza, zito, ni kasimile. La pili ni jepesi. Kwenye mchuzi jepesi hutangulia chunguni, ndilo linaloivisha. Kasimile huingia mwisho, na hapo anayepika haondoki, huvuruga taratibu mpaka lichemke, kwa sababu likiachwa lichemke ovyo hukatika, mafuta mbali na maji mbali. Chicha kilichobaki ni cha kuku. Kifuu huwa upawa au kata. Kumbi hufukiwa majini lilainike, nyuzi zake za usumba zikasokotwa kamba.

Siku hizi kuna tui la kopo na tui la unga. Wanawake wanaotoka kazini saa kumi na mbili jioni wana haki ya kulitumia, na wanaume wanaolalamika kuhusu tui la kopo aghalabu hawajawahi kumkalia mbuzi hata siku moja. Ila tuelewe kwamba kopo likiingia mlango mmoja, kasimile, chicha na kifumbu hutoka mlango wa pili. Maneno haya hayauawi na Kiingereza, kama tunavyopenda kulalama makongamanoni. Yanakosa kazi. Neno lisilo na kazi ya kufanya linahitaji mwandishi wa kulihifadhi kwa maelezo, si kwa kulitaja tu.

Wala hasara haiishii jikoni. Inaingia hadi kwenye methali ambazo walimu wetu wanazisomesha kila wiki. «Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.» Nimewahi kumsikia mwanafunzi, mwerevu kabisa, akieleza kwamba methali hii inahusu mtu anayemnywesha ndovu. Msicheke. Kama hujui kwamba tembo ni kinywaji kinachogemwa kwenye mnazi, na kwamba mgema ndiye mwenye kisu na kibuyu huko juu, utafanyaje? Kidokezo kimo katika sarufi: methali inasema «hulitia», wala si «humtia». Kiambishi kimoja kinatenganisha pombe na mnyama. Lakini hata kiambishi hicho hakisemi kitu kwa mtu ambaye hajui kwamba tembo linaweza kuongezwa maji likaharibika.

Huenda msomaji akaniuliza: ni fasihi gani ya Kiswahili iliyokitendea chakula haki? Jibu langu ni la kizee kidogo. Ni Utenzi wa Fumo Liyongo, ule uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Wahakiki wameuandikia mengi kuhusu ushujaa, usaliti wa mwana na haki ya utawala. Mkate wameupita. Na ilhali bila mkate hakuna utenzi! Liyongo yuko gerezani. Mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi kila siku wanakinyang'anya kilicho kizuri. Liyongo anatuma ujumbe kwa fumbo: kupikwe mkate wa wishwa, na ndani yake itiwe tupa. Wishwa ni zile kapi zinazobaki nafaka ikishatwangwa na kupepetwa. Walinzi wanauona mkate wa kapi, wanadharau, wanaupitisha. Liyongo anapata tupa yake na usiku ule, katikati ya ngoma ya gungu, anakata minyororo.

Angalia ufundi wa jambo hili. Mtunzi hakusifu chakula. Hakutuambia mkate ulinukia. Ametegemea kwamba sisi wasikilizaji tunajua nani hula wishwa na nani haulambi, na kwamba mlinzi aliyezoea kula vinono atajiona mkubwa kuliko mkate ule. Tabaka la watu limo katika unga. Mkate mmoja umebeba njama, dharau, mapenzi ya mama na akili ya mfungwa.

Katika kisa hichohicho kuna kikoa. Kikoa ni mlo wa zamu: leo analisha huyu, kesho yule, mpaka wote wamezunguka. Wale waliotumwa kumwua Liyongo walimwingiza katika kikoa cha makoma, matunda ya mkoma, mti mrefu. Walikusudia zamu yake ikifika apande, naye akiwa juu wampige mishale. Yeye akayaangusha makoma kwa mishale akiwa chini. Mtego ule unafanya kazi kwa sababu hakuna muungwana anayeweza kukataa zamu yake ya kikoa. Ukilifasiri neno hili kuwa ni chakula cha pamoja, ukakomea hapo, umeupoteza mtego wote. Siku hizi kikoa kimepata ajira mpya kwenye intaneti, watu wanasema «jina la kikoa». Sina neno. Lakini ningependa kijana anayelitumia ajue kwamba zamani lilikuwa na wali ndani yake, na wakati mwingine mauti.

Kwa nini basi waandishi wetu wa leo, wenye kalamu nzuri, hawafanyi kwa mahamri kile ambacho Kijumwa alikifanya kwa wishwa? Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kamusi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka wa 1882, baada ya kifo chake, alikuwa na kasoro nyingi, lakini alikuwa na subira ya kueleza. Neno lilipomshika lilimchukua mistari mingi, na mazungumzo ya watu wa Mombasa yalimo humo. Kamusi zilizokuja baadaye, kwa sababu za nafasi na gharama, zimependa njia ya mkato inayoitwa «aina ya». Aina ya samaki. Aina ya mkate. Aina ya kitoweo. Mvuvi wa Faza anajua changu, tafi, tewa, kolekole, pono na nguru kama unavyowajua wanao, kisha kamusi inamwambia hao wote ni aina ya samaki. Kweli ni aina ya samaki! Lakini yupi ana miba ya kumtesa mtoto? Yupi hukaushwa? Nani akipakwa nazi anafaa na nani anaharibika?

Sababu ya pili ni kwamba jiko lilikuwa la wanawake, na usomi wa Kiswahili kwa muda mrefu ulikaa barazani na wanaume. Mashairi ya Muyaka yalitafutwa, yakanakiliwa, yakachapishwa, na nashukuru. Wakati huohuo, nyuma ya ukuta wa baraza ileile, kulikuwa na istilahi kamili ya kazi, yenye vitenzi mahsusi na vipimo vyake, na hakuna aliyekwenda na daftari.

Ya tatu ni shule. Mwaka wa 1928, kikao kilichokaa Mombasa kiliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mombasa ilikuwa mwenyeji wa uamuzi ulioiacha Kimvita nje. Ya siasa ya lahaja nimeyaeleza siku nyingine. Hapa nataka mizani ya chakula tu. Nilipokuwa darasa la nne niliandika katika insha kwamba mama alinunua mazu mabivu. Mwalimu alipiga mstari mwekundu, akaandika juu yake «ndizi». Mazu ni ndizi, wala hakukosea kuniongezea neno. Tatizo ni ule mstari. Uliniambia kwamba kitu nilichokula asubuhi ile nyumbani kwetu hakikuwapo katika Kiswahili. Mtoto wa Pwani, mwenye lugha, akajifunza kuandika kuhusu chakula cha kwao kwa maneno ya mgeni, na huenda ndiyo sababu leo akiandika kumbukumbu anaandika kama mtalii.

Mstari ule mwekundu bado unapigwa. Mtoto akiandika kwamba mama «anachoma vitumbua», kama wasemavyo wengi visiwani na baadhi yetu, anaambiwa vitumbua hukaangwa. Akiandika kotmiri anaambiwa aandike giligilani, neno ambalo sijamsikia mchuuzi yeyote wa Marikiti wala Kongowea akilinadi. Sokoni ni kotmiri au dania. Kuna neno moja tu la Kimvita ambalo limeponyoka salama, nalo ni lile la kahawa tungu. Kimvita husema t pale Kiunguja kinaposema ch: mtana kwa mchana, tungu kwa chungu. Mikahawa ya Nairobi inaandika «kahawa tungu» bila wasiwasi, kwa sababu imegundua kwamba lahaja inauza. Ajabu yake ni kwamba neno lililo halali kwenye ubao wa mkahawa ni kosa kwenye karatasi ya mtihani.

Upande wa bara nao una mchango wake katika mchezo huu. Nairobi mtu husema, «Leo mboga ni nyama.» Watu wa Pwani hucheka. Mimi sicheki, maana maneno hupanuka, na mboga kupanuka ikala nafasi ya nyama si dhambi. Ninachosikitikia ni kitoweo. Kitoweo si kitu fulani, ni cheo. Chochote kinacholiwa pamoja na wali, sima au mkate kinaweza kushika cheo hicho, awe samaki, kunde au mchuzi mtupu. Lugha yenye neno la cheo hicho imefikiri kuhusu mlo mzima, haikufikiri kuhusu vipande vyake. Tukilipoteza tunabaki na vipande.

Kuna jambo jingine ambalo orodha inalificha, nalo si la lugha tu. Linawahusu watu. Vyakula vinavyotajwa katika kumbukumbu hizi karibu vyote ni vya sikukuu, vya Ramadhani au vya harusi. Ukizisoma utadhani Pwani nzima ilikula biriani kila Ijumaa. Muhogo wa kuchemsha na chumvi uko wapi? Papa mkavu, ambaye harufu yake ilitangaza hali ya nyumba kwa mtaa mzima, yuko wapi? Mseto wa choroko? Mtsunga wa Wagiriama, mchungu kweli, unaoliwa na sima? Na huyo bibi wa iliki, nazi zake alizitoa wapi? Alipandiwa na Mdigo au Mgiriama ambaye katika insha hana jina, hana mdomo, hana hata kiporo. Chakula kinaitwa cha Waswahili, na mkwezi anabaki juu ya mnazi.

Nakumbuka jioni za Ramadhani za miaka ya 1960 tulivyotumwa kupeleka sahani kwa majirani, kila moja imefunikwa kwa kawa. Adhana ilikuwa karibu, hivyo tulikimbia, na ukimwaga mchuzi wa tambi ilikuwa shauri yako. Adabu ilikuwa kwamba sahani hairudi tupu. Nyumba moja ilikuwa ya Wakamba, wala hawakufunga. Mama wa nyumba ile alirudisha sahani yetu na mahindi na maharage yaliyopikwa pamoja. Mama yangu alikiita chakula kile pure. Mwenyewe alikiita isyo. Nilipokuja Nairobi kusoma nikakuta kinaitwa githeri, na wenzangu bwenini wakashangaa kwamba mtoto wa Pwani anakijua. Pure ni neno la Kiswahili, la zamani, na limo kamusini. Lakini katika kumbukumbu za Pwani hutalikuta, kwa sababu halinukii iliki. Haliuziki.

Na majina yakishatengana na matendo, hayachelewi kugeuka vichekesho. Wahindi wa Afrika Mashariki waliohamia Uingereza na Kanada, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka wa 1972, waliondoka na vyakula vyetu. London leo utaagiza mogo katika mikahawa yao, nao ni muhogo wetu uliopoteza silabi moja njiani. Utaagiza pia kuku paka. Ni kuku wa kupaka, kaondolewa «wa» na «ku». Huko haidhuru. Lakini jina limerudi nyumbani likiwa hivyohivyo, na nimeliona kwenye orodha za mikahawa ya Kenya. Mtoto wa Kinairobi anayejua Kiswahili vizuri ana haki ya kuuliza kama mezani kuna wanyama wawili.

Nisije nikaonekana sipendi chochote. Miaka miwili iliyopita mwanafunzi mmoja kutoka Kwale aliniletea insha ya kurasa nne. Haikuwa na orodha. Haikuwa na iliki. Ilihusu chicha pekee. Nyumbani kwao bibi alitaka chicha kiende kwa kuku baada ya tui la pili, na mama alitaka kikamuliwe mara ya tatu, kwa sababu nazi zilikuwa chache na watoto walikuwa wengi. Wanawake hawa wawili hawakugombana hata mara moja kwa maneno. Walisukumiana kifumbu. Mwandishi, akiwa na miaka saba, alijua hali ya fedha ya nyumba kwa kutazama tui la siku hiyo lilikuwa jeupe kiasi gani. Kuku walipokonda alijua nani ameshinda. Sarufi yake ilikuwa na mushkili hapa na pale, na aliandika «kukama tui» mahali ambapo mtahini mwingine angempigia mstari mwekundu. Nilimpa alama ya juu kuliko wote, na kwa sababu ya kitenzi kile.

Insha ile imenifanya nibadilishe zoezi ninalotoa. Sasa nawakataza wanafunzi kutaja zaidi ya chakula kimoja, na nawataka waandike angalau vitenzi kumi vinavyokihusu, kila kimoja kwa maana yake, pamoja na jina la mtu aliyekitenda. Wengi hurudi wamekwama kwenye kitenzi cha nne. Hapo huwaambia wampigie simu mama, shangazi au nyanya, wamwulize wakati bado anaweza kuwajibu. Orodha ya vitenzi vya mwaka huu ninayo mezani, na kuna vitatu ambavyo sijakubaliana navyo. Mmoja wa wanafunzi anashikilia kwamba kwao Vanga ukoko na matandu ni vitu viwili: ukoko umeungua, matandu hayajaungua. Wa Lamu anasema ni kitu kimoja. Wasomaji wa Pwani, kusini na kaskazini, niandikieni mnavyosema kwenu.